Maneno ya Kale katika Biblia za Kiingereza: Asili na Maana Yake

Waamini wengi wa majimbo yetu husoma Maandiko Matakatifu katika lugha mbili. Kanisani na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo Neno la Mungu hutangazwa kwa Kiswahili. Lakini shuleni, seminarini, vyuoni, na siku hizi ndani ya simu ya mkononi, wengi hukutana na Biblia ya Kiingereza. Mara nyingi Biblia hiyo ni ya zamani sana: ama ile ya Kikatoliki iitwayo Douay-Rheims, ama ile ya Kanisa la Uingereza iitwayo Biblia ya Mfalme James. Tafsiri hizo zina umri wa miaka mia nne na zaidi, na kwa kuwa katika nchi nyingi hazifungwi tena na hakimiliki, husambazwa bure kwa urahisi kuliko tafsiri za siku hizi. Katekista anayetayarisha mafundisho, mwalimu wa dini, mwanakwaya anayetafsiri wimbo na mzazi anayetafuta somo la kusoma msibani, wote waweza kuzitegemea bila kujua kwamba Kiingereza chake si Kiingereza cha leo.

Katika makala haya tunaeleza asili na maana ya baadhi ya maneno hayo. Tunafanya hivyo kwa sababu fundisho la imani laweza kupotoshwa na mtu mwenye nia njema kabisa, asiye na kosa lingine ila kulisoma neno la karne ya 16 kwa maana ya karne ya 21. Neno lisilojulikana halina hatari kubwa, kwa maana msomaji akilifikia husimama, hufungua kamusi au huuliza. Hatari imo katika neno ambalo kila mtu anadhani analijua, kwa kuwa analisikia kila siku, kumbe zamani lilibeba maana nyingine. Hapo hakuna anayesimama kuuliza. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Asili ya tafsiri zenyewe

Katika utawala wa Malkia Elizabeth I, Wakatoliki wa Uingereza hawakuwa na uhuru wa kuadhimisha Misa wala wa kuwafunda mapadre wao nchini mwao. Mwaka 1568 Padre William Allen, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alianzisha chuo cha Waingereza katika mji wa Douai, ulio leo katika nchi ya Ufaransa. Mwaka 1578 chuo kilihamia Reims, kisha kikarudi Douai mwaka 1593. Huko Reims, mwalimu mmoja wa chuo hicho, Gregory Martin, alitafsiri Biblia kutoka katika Vulgata, yaani Biblia ya Kilatini itokanayo na kazi ya Mtakatifu Yeronimu, ambayo Mtaguso wa Trento ulikuwa umeitangaza mwaka 1546 kuwa matini halali ya Kanisa. Agano Jipya lilichapishwa Reims mwaka 1582, mwaka uleule aliofariki Martin. Agano la Kale lilicheleweshwa na uhaba wa fedha, likatoka Douai mwaka 1609 na 1610. Ndiyo maana Biblia hiyo inaitwa kwa majina ya miji hiyo miwili.

Mwaka 1611 ilitoka Biblia ya Mfalme James, iliyotafsiriwa na wataalamu wa Kanisa la Uingereza kutoka katika Kiebrania na Kigiriki. Wataalamu hao waliisoma tafsiri ya Reims na kuchukua maneno kadhaa kutoka kwake. Zilipopita kama karne moja na nusu, lugha ya Douay-Rheims ilikuwa imekwisha kuwa nzito kwa Wakatoliki wa kawaida. Askofu Richard Challoner, aliyewahudumia waamini wa eneo la London, aliisahihisha kati ya mwaka 1749 na 1752. Biblia nyingi zinazoitwa Douay-Rheims leo kwa kweli ni kazi yake. Tangu hapo imepita karne nyingine mbili na nusu, na lugha haikungoja.

Maneno yaliyobanwa maana

Neno la kwanza ni "meat". Leo maana yake ni nyama tu. Zamani lilikuwa ni chakula cha aina yoyote. Nyama yenyewe iliitwa "flesh". Katika Mambo ya Walawi sura ya 2, Biblia ya Mfalme James inaita "meat offering" sadaka ambayo haina nyama hata kidogo: ni unga laini, mafuta na ubani. Mtu akiiita kwa Kiswahili sadaka ya nyama, amegeuza Sheria ya Musa juu chini, maana sadaka hiyo ilitengwa waziwazi na zile za wanyama. Vilevile, Bwana wetu anapoongea na wanafunzi wake kando ya kisima cha Samaria (Yn 4:34), tafsiri zote mbili za kale zinatumia neno hilohilo. Anazungumzia chakula, yaani kile kinachomtegemeza, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wametoka mjini kununua chakula.

La pili ni "corn". Lina asili moja na neno "grain", yaani punje, na katika Uingereza ya zamani lilitaja nafaka yoyote iliyozoeleka mahali: kwa wengine ngano, kwa wengine shayiri au nafaka nyingine. Walowezi wa Marekani ndio waliolibana mpaka likawa mahindi. Kwa hiyo wanafunzi wa Yesu waliopita mashambani siku ya Sabato na kuvunja masuke (Mk 2:23) hawakuvunja mahindi. Mahindi ni zao la Amerika. Hayakufika Ulaya, Asia wala Afrika kabla ya safari za Christopher Columbus mwishoni mwa karne ya 15. Jambo hili laonekana dogo, lakini sisi ambao wengi wetu tunaishi kwa ugali wa mahindi ndio tunaoweza kuteleza hapo kwa haraka zaidi.

La tatu ni zito kuliko hayo mawili, nalo ni "ghost". Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "gast", lenye undugu na neno la Kijerumani "Geist", na maana yake ilikuwa roho kwa jumla: pumzi ya uhai, nafsi, malaika, na Roho wa Mungu mwenyewe. Neno "spirit" liliingia baadaye kutoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Maneno hayo mawili yaliishi pamoja kwa muda mrefu, kisha "spirit" likachukua nafasi karibu yote, na "ghost" likabaki na kona moja tu: kivuli cha marehemu kinachosemekana kuwatokea walio hai. Anayesoma "Holy Ghost" leo, hasa kijana aliyelisikia neno hilo kwanza katika filamu za kutisha, aweza kudhani kwamba Nafsi ya Tatu ya Utatu Mtakatifu ina uhusiano fulani na mizimu. Hakuna uhusiano wowote. Ni Roho Mtakatifu yuleyule tunayemkiri katika Kanuni ya Imani, Bwana mleta uzima. Kwa sababu hiyo vitabu vya liturujia ya Kiingereza vilivyotoka baada ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano hutumia "Holy Spirit".

Maneno yaliyogeuka

Yapo maneno ambayo hayakubanwa tu, bali yaligeuka yakatazama upande mwingine.

"Suffer" latokana na Kilatini, likiwa na maana ya kubeba au kuvumilia. Anayevumilia jambo hulikubali litendeke. Ndiyo maana neno hilo lilikuwa pia na maana ya kuruhusu. Kiingereza cha leo kimeitupa maana hiyo na kubaki na ile ya kuteseka. Katika Injili, Yesu anapowaambia wanafunzi wasiwazuie watoto wadogo kumjia (Mk 10:14; Mt 19:14), tafsiri za kale zinatumia "suffer". Maana ni "waacheni, waruhusuni". Fikiria mzazi anayeuguza mtoto hospitalini, akafungua simu na kusoma aya hiyo kwa maana ya leo: ataona kana kwamba Bwana anataka watoto wateseke. Injili inasema kinyume chake kabisa. Bwana aliwakasirikia waliowazuia watoto, akawakumbatia, akawabariki.

"Let" ni ajabu zaidi. Leo maana yake ni kuruhusu. Zamani yalikuwapo maneno mawili tofauti: moja la kuruhusu, na lingine la kuzuia au kuchelewesha, lenye undugu na "late", yaani kuchelewa. Matamshi yake yakafanana, kama vile kwetu "kaa" laweza kuwa kitendo cha kuketi, kipande cha mkaa au mnyama wa pwani. Mwishowe lile la kuzuia likafa, likabaki katika michezo ya tenisi na katika lugha ya kisheria, kama ile iliyomo ndani ya pasipoti ya Uingereza. Lakini limo katika Biblia ya Mfalme James. Mtume Paulo anapowaeleza Warumi kwamba amekusudia mara nyingi kwenda kwao ila akazuiwa (Rum 1:13), neno ni hilo. Anapowaandikia Wathesalonike juu ya yule anayezuia siri ya uasi (2 The 2:7), neno ni hilo tena. Akilisoma kwa maana ya leo, mtu atamfanya anayezuia uovu kuwa ndiye anayeuruhusu. Katika sehemu hizo mbili Douay-Rheims ya Challoner iko wazi zaidi, kwa kuwa imetumia maneno mengine.

"Prevent" latokana na Kilatini "praevenire", yaani kuja mbele, kutangulia. Anayetangulia kufika njiani aweza kuifunga njia. Kutoka hapo maana ikahamia kwenye kuzuia, na leo imebaki hiyo tu. Tunawaomba wasomaji walizingatie neno hili kwa namna ya pekee, kwa sababu limo katika somo linalotumika sana kwenye mazishi: Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4. Wakristo wa Thesalonike walihuzunika wakidhani kwamba ndugu zao waliokufa wangekosa kushiriki katika ujio wa Bwana. Paulo anawafariji kwamba walio hai hawatawatangulia waliolala. Waliokufa katika Kristo ndio watakaofufuka kwanza. Tafsiri zote mbili za kale zina "prevent" mahali hapo. Akiwa na maana ya leo kichwani, mfiwa atasoma habari ya walio hai wanaozuia au wasiozuia ufufuko wa marehemu wao, na faraja yote itapotea wakati anapoihitaji zaidi.

Neno hilohilo la Kilatini limo katika mafundisho ya Kanisa juu ya neema. Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya mwaka 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulifundisha kwamba mwanzo wa wongofu wa mtu hutoka katika neema ya Mungu inayomtangulia. Wanateolojia wa Kiingereza huiita "prevenient grace". Si neema inayozuia. Ni neema iliyofika kabla yetu.

"Conversation" leo ni mazungumzo. Kilatini "conversatio" kilikuwa na maana ya mwenendo, namna ya kuishi pamoja na wengine. Watawa Wabenediktini wanalifahamu vizuri, kwa sababu moja ya nadhiri zao, inayotokana na sura ya 58 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inaitwa "conversatio morum", nayo ni ahadi ya kuishi maisha ya kimonaki kwa uaminifu. Nadhiri hiyo inawekwa hata leo katika abasia za Peramiho na Ndanda. Katika Waraka kwa Wafilipi (3:20) Paulo hasemi kwamba mazungumzo yetu yako mbinguni. Anasema kwamba huko ndiko yaliko makao na uraia wa maisha yetu. Tena Mtume Petro anawaambia wake wenye waume wasioamini kwamba wanaweza kuwavuta kwa Kristo pasipo neno, kwa mwenendo wao tu (1 Pet 3:1-2). Tafsiri za kale zimeweka "conversation" kwa neno mwenendo. Msomaji wa leo anaambiwa, katika sentensi moja, kwamba mke amvute mumewe bila kusema na kwa mazungumzo. Petro hakujipinga. Ushauri wake ulikuwa kwamba maisha matakatifu huhubiri hata pale ambapo mdomo umenyamaza, na wengi katika familia zetu wanajua kwa uzoefu jinsi ushauri huo ulivyo wa kweli.

Mwenzi wa kufaa na taifa la Mungu

Katika mahubiri na hotuba za harusi husikika mara kwa mara neno la Kiingereza "helpmeet", likifafanuliwa kuwa mke ni msaidizi wa kazi za mume. Neno hilo lilizaliwa kwa bahati mbaya. Katika Mwanzo 2:18 Biblia ya Mfalme James ina maneno mawili: "help", yaani msaada, na "meet", kivumishi cha kale chenye maana ya kufaa, kustahili, kulingana. Maana ni msaada wa kumfaa, ulio sawa naye. Kivumishi hicho kilipokufa, watu waliyaunganisha maneno hayo wakapata jina jipya lisilokuwamo katika Maandiko. Douay-Rheims inaeleza waziwazi kwamba ni msaada unaofanana na mwanamume mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba neno la Kiebrania la msaada lililo hapo ni lilelile linalotumika katika Zaburi kumtaja Mungu kuwa msaada wa watu wake. Hakuna awezaye kusema kwamba neno hilo lina udhalili ndani yake.

"Peculiar" leo ni kitu cha ajabu, kisicho cha kawaida. Katika Waraka kwa Tito (2:14) Biblia ya Mfalme James inawaita hivyo watu waliokombolewa na Kristo, na wapo wahubiri wanaojenga juu yake fundisho kwamba Mkristo wa kweli lazima aonekane kituko kwa jirani zake. Asili yake ni Kilatini "peculium", mali ya mtu binafsi, ambalo nalo limetoka katika "pecus", yaani mifugo. Zamani za Warumi, kama ilivyo katika jamii zetu za wafugaji hata leo, mali ya mtu ilikuwa ng'ombe na kondoo wake. Kuwa watu wa namna hiyo ni kuwa milki ya Mungu mwenyewe, kundi analolijua na kulipenda mmoja mmoja.

Maneno yaliyotoka katika Vulgata

Baadhi ya maneno yalichaguliwa na watafsiri Wakatoliki kwa makusudi ili yashikamane na Kilatini cha Kanisa. La kwanza ni "charity". William Tyndale, katika Agano Jipya lake la mwaka 1526, aliandika "love" katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Mtakatifu Thomas More alimpinga kwa maandishi mwaka 1529, akisema kwamba "love" ni neno pana mno, linalotaja hata mapenzi ya kawaida, ilhali "charity" lilitaja upendo mtakatifu. Reims ikatumia "charity", na Biblia ya Mfalme James nayo vilevile. Mwaka 1881 masahihisho ya Biblia hiyo yalirudi kwenye "love".

Wakati wa More hoja yake ilikuwa na nguvu. Lakini lugha ilisogea, na leo "charity" kwa Waingereza ni msaada kwa maskini, au taasisi inayoutoa. Hapo fundisho linajifunga lenyewe: Paulo anasema katika aya ya 3 kwamba hata mtu akigawa mali yake yote kuwalisha maskini, bila "charity" hapati faida. Kama neno hilo ni kutoa msaada, Paulo anasema kwamba kutoa bila kutoa ni bure. Kumbe anafundisha kwamba kutoa bila upendo ni bure. Sisi tunalo jina hilohilo la Kilatini katika ofisi za Caritas za majimbo yetu. Papa Benedikto XVI, katika ensiklika yake Deus caritas est ya mwaka 2005, alieleza kwamba huduma hizo ni tendo la Kanisa kwa sababu chimbuko lake ni upendo wa Mungu. Mfuko wa mahindi unaotolewa kwa dharau bado ni msaada, lakini si "caritas".

La pili ni "penance". Mwito wa Yohane Mbatizaji na wa Bwana mwenyewe (Mt 3:2, 4:17) umetafsiriwa katika Douay-Rheims kwa maneno yenye maana ya kufanya toba, kufuata Kilatini "paenitentia". Kwa Mkatoliki wa leo anayezungumza Kiingereza, "penance" ni kwanza yale malipizi anayopewa na padre katika kitubio. Mtu aweza kudhani kwamba Yohane alitaka watu wasali sala fulani basi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba mwito wa Yesu unalenga kwanza wongofu wa moyo, na matendo ya nje hupata uhai kutoka humo.

La tatu halikuwahi kuwa rahisi kwa mtu yeyote: "supersubstantial". Limo katika ombi la mkate katika sala ya Baba Yetu, katika Mathayo 6:11 ya Douay-Rheims. Neno la Kigiriki lililo hapo, "epiousios", halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya nje ya sala hiyo. Mtakatifu Yeronimu alilitafsiri kwa namna mbili: katika Luka 11:3 aliandika mkate wa kila siku, na katika Mathayo akaandika mkate ulio juu ya kila kilichopo. Katekisimu, katika namba 2837, inazipokea maana hizo pamoja: riziki ya kila siku, na Mkate wa uzima, yaani Mwili wa Kristo. Hapa neno gumu la kale limehifadhi utajiri ambao neno jepesi lingeuficha.

Tuongeze jozi moja inayowachekesha wanafunzi: "bowels", yaani matumbo, na "reins", yaani figo. Neno la pili halihusu hatamu za farasi, ambazo kwa Kiingereza zina jina linalofanana nalo. Latokana na Kilatini "renes". Watu wa Biblia waliweka huruma tumboni na mawazo ya siri katika figo. Wimbo wa Zakaria (Lk 1:78), unaosaliwa kila siku katika Masifu ya Asubuhi, unataja katika Douay-Rheims "bowels" za rehema ya Mungu, yaani huruma itokayo ndani kabisa. Mswahili hana sababu ya kucheka. Washairi wa pwani wameyataja maini kwa karne nyingi wanapotaka kusema juu ya upendo na uchungu.

Zaidi ya hayo, mwishoni mwa Agano Jipya la mwaka 1582 watafsiri waliweka orodha ya maneno waliyohofia kwamba hayataeleweka. Miongoni mwake yalikuwa "evangelize" na "neophyte", pamoja na "azymes", yaani mikate isiyotiwa chachu. Leo mawili ya kwanza ni ya kawaida katika Kiingereza cha Kanisa, na la tatu limekufa. Lakini "suffer" na "prevent", maneno ambayo siku hizo hayakuhitaji maelezo, ndiyo yanayotupoteza sasa.

Faida moja ya Kiingereza cha kale

Wengi hudhani kwamba "thou" na "thee" ni maneno ya heshima yaliyowekwa kwa ajili ya Mungu. Sivyo. Yalikuwa ni umoja wa kawaida, sawa na "wewe" letu, na "ye" na "you" vilikuwa wingi, sawa na "ninyi". Kiingereza cha leo kimeacha tofauti hiyo, na hasara yake inaonekana katika Luka 22:31-32. Usiku wa Karamu ya Mwisho Bwana anamwambia Simoni kwamba Shetani ametaka kuwapepeta, lakini yeye amemwombea ili imani yake isitindike. Katika Kiingereza cha kisasa yote ni "you", na msomaji hajui anayeambiwa ni nani. Katika tafsiri za kale ni wazi: Shetani anawataka wote, Yesu anamwombea mmoja, ili huyo awaimarishe ndugu zake. Kanisa limeona daima katika maneno hayo utume wa pekee wa Petro na wa waandamizi wake. Kiswahili hakihitaji msaada hapo, kwa kuwa viambishi vyetu vinatenga umoja na wingi. Msomaji wa Kiswahili ana mwanga ambao msomaji wa Kiingereza cha leo ameupoteza.

Tufanye nini?

Hatusemi kwamba tafsiri za kale zitupwe. Zilizaliwa katika mateso ya Kanisa, zimewalea watakatifu, na baadhi ya maneno yake, kama "hallowed" katika Baba Yetu ya Kiingereza, yamebaki midomoni mwa waamini kwa sababu watu husali pamoja yale waliyofundishwa na wazazi wao. Lakini tunashauri mambo manne.

Kwanza, anayefundisha atumie tafsiri iliyoidhinishwa na Kanisa kwa lugha anayofundishia. Pili, aya ya Kiingereza cha kale ikionekana kupingana na Injili, na ionekane kumfanya Mungu kuwa mkatili, tuchunguze neno kabla ya kutilia shaka imani: tuilinganishe na Biblia ya Kiswahili na tafsiri moja ya kisasa. Tatu, mtu asijenge fundisho juu ya neno moja la tafsiri yoyote. Papa Pius XII, katika ensiklika Divino afflante Spiritu ya mwaka 1943, alihimiza kurejea lugha za asili, na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum namba 22, uliagiza zifanywe tafsiri sahihi ili waamini wote wayafikie Maandiko. Nne, tumwulize padre au katekista bila haya.

Tukumbuke pia kwamba Kiswahili nacho kinasafiri. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, isomwayo na madhehebu mengi, ina maumbo kama "nalikuwa", ambayo vijana wetu hawayatumii tena. Maneno yanayotuelea leo yatawachanganya wajukuu wetu. Kwa hiyo kazi ya kufafanua Maandiko ni ya kila kizazi, na mwenye wajibu wa kwanza ni yule anayesimama mbele ya wenzake na kuwasomea, awe padre madhabahuni au mama wa Jumuiya chini ya mwembe. Kabla ya kusoma, ajiulize kama kila neno lililo mbele yake lina maana anayodhani linayo.